Pigo la Nne

Haya nimeyapata kwa rafiki yangu Fondo, na Fondo si mtu wa porojo. Yeye hutunza jumba moja la ghorofa nne huko Mji wa Kale. Boya la kuzuia maji yasifurike kwenye tangi la darini liliharibika zamani, kwa hivyo Fondo alikuwa akiwasha pampu chini, na mkewe, Mbodze, akikaa juu kuangalia maji. Tangi likijaa, alikuwa akigonga bomba kwa spana mara tatu, ishara ya kuzima pampu. Kisha huongeza pigo la nne, jepesi, la kumsalimu mumewe tu.

Siku chache baada ya kumzika Mbodze, wapangaji walilalamika hawana maji. Fondo akashuka chumba cha pampu, chenye giza hata mchana. Akawasha, na kwa mazoea akamwita mkewe, "Mama Jared, likijaa niambie!" Ndipo alipokumbuka. Akaketi sakafuni, akalia.

Bomba likagongwa mara tatu. Akazima pampu. Dari ilikuwa imefungwa, na ufunguo wake wa pekee alikuwa nao mfukoni.

"Ni hewa tu bombani," nikamwambia.

"Nami nilidhani hivyo," akasema. "Nikaweka sikio bombani, nikangoja."

"Ikawaje?"

"Likaja la nne. Jepesi."