Bado Injini Tu

Mke wangu alinikuta nimezama kichwa chini ndani ya gari, miguu hewani, nimevaa aproni yake ya maua, nikibembeleza: "Niachie, mpenzi. Niachie basi, watu watatuona."

"Mpenzi yupi huyo?" akauliza nyuma yangu.

Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, aliyeendesha malori ya masafa marefu akavuka mipaka saba, hana jibu la heshima kwa swali kama hilo. Hasa makalio yake yakiwa juu kuliko akili zake.

Jua lilikuwa linazama. Alikuwa amenituma spana namba kumi nikakaze bomba la jikoni, nami nikakumbuka niliidondosha kwenye gari langu bovu, ndani ya lile shimo tupu tulikotoa injini. Nikainama kuitafuta. Kamba ya aproni ikanasa.

"Hili gari tunalitengeneza mpaka lini, baba?" mke wangu akasema akininasua.

"Mpaka kesho. Kesho Pacha analeta winchi, tunashusha injini, tumemaliza."

"Kesho hiyo naisikia mwaka wa pili." Akarudi jikoni.

Pacha si ndugu yangu wa tumbo moja. Ni fundi, na kabla ya ufundi tulipokezana usukani miaka kumi na tisa. Tulilala kebini moja ya lori, tukala sufuria moja, watu wakatuita mapacha mpaka tukaitikia. Alipoanza kuugua, anakohoa mpaka anakunjika kama kisu cha mfukoni, alinipa gari hili bure. "Tulifufue pamoja," alisema. Ningekataaje?

Tulipobadilisha bushi za maungio ya magurudumu ya mbele, magoti yangu yakaanza kugoma. Tulipofunga taa mpya, nikawa nasoma gazeti nikilisukuma mbali mpaka mkono unaisha. Honi ilipolia kwa mara ya kwanza, sauti yangu ilikauka wiki ile ile, na hadi leo naongea kama jogoo mwenye mafua. Nikacheka. Nikasema ni uzee, umekuja na mizigo yake yote siku moja. Na kila nilipotaka kuliuza kama chuma chakavu, Pacha alinishika bega:

"Usikate tamaa, pacha wangu. Bado injini tu."

Basi nikaingiza mkono tena kuitafuta spana. Giza lilikuwa linashuka. Nikapapasa nyuma ya lile bati linalotenganisha injini na abiria...

Kitu laini.

Harufu ikanipanda puani, kama nywele zilizoungua.

Nikakivuta. Kilikuwa kifurushi cha kitambaa cha buluu, kimefungwa kwa waya mwembamba. Kitambaa nilikijua: shati langu la kazini, lililopotea safarini nikamlaumu kila mtu isipokuwa mwenzangu. Lakini nilichokitazama zaidi ni ule waya. Ncha zake zilikuwa zimekunjwa mara mbili, zikafichwa ndani.

Dunia nzima niliyopita, mtu mmoja tu hufunga waya hivyo. Tulipokuwa tukifunga turubai la mzigo, yeye alifunga na mimi nilifungua. Alikunja ncha ndani ili zisinichome.

Nikafungua.

Ndani mlikuwa na picha yetu, tumeegemea lori tunacheka. Upande wa Pacha ulikuwa umekatwa. Nimebaki mimi, na mkono wake begani mwangu. Magoti yangu yamepakwa masizi. Macho, masizi. Koo, masizi.

Kifua bado kisafi. Kimezungushiwa duara tu.

Du...

Nikageuka. Hakuna mtu.

Du... du...

Sauti ilitoka kwenye gari. Gari lisilo na injini! Nikaweka kiganja kwenye bodi. Lilikuwa na joto, kama shavu la mtoto mwenye homa. Nikaweka kiganja kingine kifuani mwangu.

Vilikuwa vinapiga pamoja.

"Umefungua," mtu akanong'ona.

Pacha alikuwa amesimama getini. Bila fimbo. Mgongo umenyooka, nywele nyeusi, hata kivuli chake kilionekana kina afya. Mimi nilikuwa nimemwona akinyooka kidogo kidogo miezi yote ile, nikamshukuru Mungu kwa niaba yake.

Mke wangu akachungulia dirishani. "Shemeji huyo? Mbona umekuwa kijana hivi! Unatumia dawa gani?"

Akatutazama mmoja baada ya mwingine. Akafunga dirisha polepole.

"Kesho usilete winchi," nikamwambia.

"Bila injini narudi kitandani, pacha wangu. Na safari hii siamki."

"Na ikiingia?"

Akatazama chini. Alikuwa anatazama viatu vyangu, kama anayepima vitamtosha.

"Ungeniomba," nikasema. "Ungeniomba tu, tungetafuta hospitali, tungeuza hata nyumba..."

Akageuka kuelekea barabarani. Alihama wiki ile. Simu yake huita bila kupokelewa. Mara moja tu ilipokelewa, nikasikia kikohozi kirefu, kisha ikakatwa. Niwaambie ukweli na mnicheke: nililia, na sijui nilimlilia nani kati yetu wawili.

Gari liko uani hadi leo. Sijalitengeneza wala sijalikata. Wanunuzi wa vyuma wamekuja mara tatu na msumeno wao, na mara zote tatu nimewafukuza nimeshika kifua. Majirani wanasema nina mapenzi ya kijinga na bati. Waseme. Jioni, kukitulia, mke wangu huongeza sauti ya redio. Haniambii kwa nini, nami simuulizi.

Lakini siyo ule mdundo unaoninyima raha. Ni neno moja la getini. Alikuwa ameshageuka aondoke, nami nikamwonyesha ule waya.

"Kama ulitaka nife, Pacha, hizi ncha ulizikunja za nini?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Ungejichoma."