Rangi Nambari Sifuri

Kila asubuhi Willis Oduori alipita kando ya foleni ya malori pale Malaba kwa mwendo wa mtu aliyepewa kazi ya kuyaruhusu yavuke mpaka. Alikuwa wa gredi ya nane, na habari yake kubwa ilikuwa moja: anajua kompyuta. Aliwaambia madereva. Aliwaambia wauza ndizi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Asekenye, wa darasa lake, hakuwa na muda wa kujitangaza. Alifika shuleni mapema, akapima mvua iliyoingia kwenye chupa aliyoikata, kisha akaandika kipimo katika kompyuta ya darasa. Ilikuwa mashine kuukuu isiyo na picha wala kipanya. Skrini nyeusi tu, na herufi nyeupe za amri unazoandika. Vipimo vya muhula mzima vilikuwa humo, na Ijumaa mkaguzi angekuja kuviona.

Jumatano Asekenye aliiwasha, akaandika neno la siri, na skrini ikawa nyeusi tii. Hakuna hata herufi moja.

Mwalimu Paulinus aliizima na kuiwasha mara nne, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Kisha akamwita fundi Callistus kutoka Busia mjini. Fundi alifika na simu mbili na mkoba uliojaa nyaya. Aliitazama mashine akiwa amesimama.

"Imekufa ndani," alisema. "Nitafuta kila kitu niweke upya."

"Na vipimo vyangu?" Asekenye aliuliza.

"Dada, mvua itanyesha tena."

Mwalimu akauliza ni nani aliyeigusa mwisho. Willis, aliyekuwa amebaki darasani peke yake jioni iliyotangulia, alikohoa kidogo.

"Ni Asekenye, mwalimu. Huwa anaandika na mikono yenye maji ya mvua."

Uongo ulimtoka ukiwa umepigwa pasi. Mwalimu akaumeza mzimamzima, akamwambia Asekenye asiiguse tena mashine ile.

"Mikono huwa naifuta na sweta," Asekenye alisema. Hakuna aliyemsikiliza, ila Mama Anjeline, karani wa shule, aliyekuwa ameleta rejista. Huyu mama, kabla ya kuajiriwa shuleni, aliwapigia chapa madereva karatasi zao nje ya forodha kwa miaka mingi, wakimpigia kelele masikioni.

"Iwasheni tena niione," alisema.

Mashine ikawaka. Herufi nyeupe zikapanda mstari kwa mstari, zikaomba neno la siri. Mwalimu akaliandika. Giza.

"Kumbe skrini ni nzima mpaka mtu aingie," Mama Anjeline alisema. "Haya maji ya mvua yana adabu sana. Yanangoja neno la siri ndipo yaharibu. Boss, wewe uliziona hizo herufi, ama ulikuwa unaangalia simu zako?"

Fundi akaanza kupanga nyaya zake.

"Kuna mtu ameiambia kitu, nayo inamtii kila ikifunguliwa," Mama Anjeline aliendelea. " Bila kujua alichoiambia, sina la kufanya. Fundi na afute."

Fundi akasogeza kiti. Asekenye akageukia ukuta ili asionekane akilia.

"Ni mimi," Willis alisema, kwa sauti ambayo hakuna dereva wa Malaba angeitambua. "Nilitaka herufi ziwe za rangi, wenzangu wakija asubuhi washangae. Niliweka amri ya rangi kwenye faili inayosomwa mtu akiingia. Rangi ni nambari. Niliweka sifuri."

"Sifuri ni rangi gani?" Mama Anjeline aliuliza.

"Sikujua."

Asekenye akajifuta macho, akafungua daftari. "Ni nyeusi. Tulifundishwa. Saba ndiyo nyeupe."

"Basi herufi zipo," Mama Anjeline alisema. "Umeandika kwa makaa kwenye ubao mweusi, halafu ukamsingizia mwenzako. Haya, mtaalamu. Andika amri ile ile, weka saba."

Willis akatafuta herufi kwa kidole kimoja. Skrini haikumwonyesha alipokosea, naye alikosea mara tatu.

"Toka hapo. Nitajie."

Willis akataja herufi moja moja. Mama Anjeline aliandika akimtazama yeye usoni, wala si kibodi, kisha akabonyeza Enter. Herufi nyeupe zikarudi. Asekenye akafungua vipimo vyake: vyote vilikuwepo. Willis akaifuta amri ya sifuri kwenye faili, Asekenye akiwa amesimama nyuma yake kuhakikisha. Fundi aliaga, na hakuna aliyekumbuka kumjibu.

"Nisamehe, Asekenye," Willis alisema.

"Kwanza mwambie mwalimu kuhusu mikono yangu."

Akamwambia, na mwalimu akamwomba Asekenye radhi mbele ya darasa.

"Kukosea nambari si kitu," Mama Anjeline alimwambia Willis. "Mimi niliwahi kulipatia lori la chumvi karatasi za saruji. Nilisema siku hiyo hiyo, likarudishwa kabla halijafika Tororo, ng'ambo ya mpaka. Lakini wewe, ulichotuficha ndicho dawa tuliyokuwa tukiitafuta. Ungenyamaza dakika tano zaidi, tungeizika kazi ya Asekenye ikiwa hai."