Mrina Asali wa Saa Saba

Simu ilitetemeka mara moja.

"Asali imeiva. Mrina anakuja saa saba."

Mezani kwenye kibanda cha chakula, Maram Yaqoub aliufuta ujumbe, akairudisha simu mkobani, juu ya bastola yake ya Glock. Kwa watu wa mtaa huu wa Ipuli alikuwa mnunuzi wa asali kutoka Mombasa. Kwa wakubwa zake Nairobi alikuwa jasusi aliyetumwa Tabora kumtoa mtu mmoja akiwa hai.

Mtu huyo, Aleksi, mkulima wa Ulyankulu, alikuwa nyuma ya ukuta huu huu, jikoni kwa mama lishe Zamda, amekaa juu ya gunia la mkaa. Aliona bunduki zikifichwa ndani ya marobota ya tumbaku ya kwenda bandarini Mombasa. Wenye bunduki walitaka kumuua kabla hajafika mahakamani kutoa ushahidi.

Mrina lilikuwa jina la siri la afisa wa Tanzania, Nassibu, mzaliwa wa Ipole, kijiji cha warina, aliyekulia kwenye mizinga ya nyuki ya babu yake. Maram hakuwahi kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu matobolwa." Zamda aliweka sahani ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na kibakuli cha asali.

Maram alichovya, akalamba, akakunja uso. Ilikuwa nyepesi kama maji, tena kali.

"Mama, hii si imechacha?"

Zamda alicheka mpaka akashika kiuno. "Huko Mombasa mnakula nini, jamani? Hiyo ya nyuki wadogo, wasiouma. Ndivyo ilivyo! Watoto wa warina wote wanalambishwa hiyo wakikohoa."

Maram aliona haya. Miaka kumi ya ujasusi, halafu anachekwa kwa ajili ya tone la asali!

Saa saba kamili, Prado nyeusi ilisimama nje. Mwanamume mrefu aliingia, akaketi mbele yake.

"Nyuki wamehama?" aliuliza Maram.

"Wamehamia msituni."

Nenosiri lilikuwa sahihi. Hata hivyo Maram hakuridhika.

"Mzigo uko wapi?" Jamaa hata mikono hajanawa.

"Nawa kwanza, kaka, tule." Alimsogezea kibakuli.

Jamaa alilamba, akatemea kwenye leso. "Wamekuuzia uchafu, dada. Imechacha hii. Kwetu Ipole hatuuzi takataka."

Zamda, aliyekuwa akifuta meza ya jirani, alisimama na kitambaa mkononi.

Kosa la mgeni husamehewa. Mrina wa Ipole angelikoseaje? Na Nassibu mwenyewe yuko wapi? Maram alitabasamu.

"Kumbe nimepigwa! Mzigo uko Kigwa, kwenye banda nyuma ya stesheni. Mlinzi ni mmoja tu."

Jamaa aliondoka bila kuaga. Maram akawapigia simu maafisa wenzake Nassibu.

"Prado nyeusi, inaelekea Kigwa. Si mrina."

"Umejuaje?"

"Asali haijui."

Dakika arobaini zilipita. Maram hakula kitu.

"Tumewakamata watatu kwenye kizuizi cha barabarani," simu ikasema. "Nassibu tumemkuta nyuma ya gari, amefungwa kamba. Yu hai. Tunamleta."

Aliletwa akichechemea, jicho moja limevimba. "Nenosiri walinitoa kwa kipigo, dada. Nisamehe."

Maram alimhurumia. Hata hivyo mkono mmoja aliuacha mkobani, na kwa mwingine akamsogezea kibakuli.

Nassibu alinawa, akachovya, akalamba. Jicho lake zima likalengwa na machozi.

"Ya nyuki wadogo," alisema. "Babu alikuwa ananipa hii. Mama, niongeze."

Maram aliutoa mkono mkobani.

"Aleksi!" aliita. "Toka. Gari lako limefika."

Kisha akachukua tobolwa moja la njiani, akatoka zake juani.