Mpaka Mpya wa Mahakama ya Chisalo

Mstari wa buluu ulitambaa juu ya ramani-hai, ukakimega kitongoji kimoja kutoka Mahakama ya Mwanzo ya Mjini na kukikabidhi kwa ile ya Chisalo. Papo hapo mafaili mia nne yakahama, mashahidi wakatumiwa tarehe mpya, na mahabusu aliyesota miaka mitatu akapangiwa kusikilizwa Jumatatu. Yote hayo yalifanyika kabla chai ya Mhandisi Sekela haijapoa.

Mashine iliyouchora mstari huo, Mlinganishi, aliibuni yeye, na tusimnyime haki yake: ilikuwa ajabu. Kila wiki ilihesabu mashauri ya nchi nzima, ikasogeza mipaka ili hakimu mmoja asizame kazini huku mwenzake akipiga miayo. Watu waliokwisha kukata tamaa walipata hukumu. Na hakuna mahakama iliyopiga miayo kama Chisalo. Kwa miaka kumi na mmoja haikufungua hata shauri moja la familia.

Jumatatu Sekela akapanda gari-anga, akaenda Chisalo kujionea. Alimkuta Hakimu Ndahani kazungukwa na skrini, jasho likimtiririka.

"Pole na kazi, Mheshimiwa. Angalau sasa hamkai bure."

"Bure?" Mzee akacheka. "Mwanangu, unaliona lile jamvi uani? Ndugu wakigombana nawakalisha pale kutwa nzima, mpaka wanywe togwa kwenye kibuyu kimoja. Wakinywa, yamekwisha. Huku kwetu ugomvi ukishaandikwa haufutiki, ndiyo maana siwaandiki."

"Mbona hamkutuambia?"

"Fomu yenu inauliza mashauri yaliyofunguliwa. Tukajibu ukweli."

Sekela aliona aibu, aibu ya fundi aliyepima nguo bila kumtazama mvaaji.

Wakaingia dada wawili, Nyemo na mdogo wake Mbeleje, wakigombea shamba la mizabibu aliloliacha mama yao. Hawakuacha kurushiana maneno hata walipoketi benchi moja. Lakini Nyemo alikuwa amebeba kibuyu cha togwa.

Ndahani akatazama orodha ya siku ile: mashauri kumi na tisa. "Leo sina kutwa, wanangu, wala kesho. Hata saa moja sina."

"Mheshimiwa, ukituandika, mimi na huyu ndiyo basi tena," alisema Nyemo.

"Subirini!" Sekela akaitoa ramani yake mkobani. "Naurudisha mpaka sasa hivi."

Hakimu akaelekeza kidole mlangoni. Yule mahabusu wa miaka mitatu alikuwa ameketi pale na pingu zake, shati kalifunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Na huyu utamrudisha wapi?"

Sekela alimtazama yule mtu, akawatazama wale dada. Kidole chake kikabaki juu ya ramani, hakikugusa kitu. Moyo ulimuuma kuliko siku yoyote ya kazi yake.

Ndahani akafungua ukurasa mtupu.

"Haya. Mlalamikaji nani?"



"Mimi," alisema Nyemo.

Mbeleje akainuka, akahamia benchi la upande wa pili.