Pumzi ya Tangi

Pikipiki ilikosa nguvu katikati ya mlima, kwenye ukuta wa makaburi, foleni ya asubuhi ikiwa imeshona. Honi zikalia. Mwanamke aliyekuwa juu yake, ndani ya gauni la kijani lililomkaa kama alizaliwa nalo, akashuka na kuanza kuisukuma. Ng'ambo ya barabara fundi pikipiki aliweka spana chini, akavuka.

"Dada, hii ni pikipiki au urithi?"

"Urithi. Ya marehemu mume wangu."

Fundi akashika usukani, akaivusha barabara. Gerejini alinusa petroli, akavutavuta nyaya, akafungua plagi, akaitazama, akairudisha. Kiki moja tu, ikawaka.

"Ilikuwa na nini?"

"Uchafu kidogo."

"Ahsante, fundi."

"Nawe kazi yako ipi?"

"Fundi pia. Cherehani."

"Basi, fundi mwenzangu, ikisumbua nipigie."

Haikusumbua, lakini mwanamke alipiga. Alimshonea ovaroli yenye mfuko wa bisibisi. Fundi akambadilishia mnyororo. Wakapendana hivyo, kwa visingizio vya kazi, na mvua zilipoanza fundi alikuwa amekwisha kuomba kumwoa.

Mvua zile zile pikipiki ikaanza ukaidi. Kila mwanamke alipojaza tangi na kupanda kwenda kwa mpenzi wake, ilikohoa, ikalegea, ikazima pale ukuta wa makaburi unapoanza, gereji haijaonekana. Mumewe alizikwa nyuma ya ukuta huo. Ikipumzika kidogo, iliwaka bila shida, kama mtu aliyemaliza kusalimia. Fundi alisafisha kabureta, akabadilisha chujio la hewa, akakagua klachi. Gerejini ilinguruma kama kijana.

Siku moja simu ililia.

"Imezima tena."

"Wapi, mpenzi?"

"Unajua wapi. Nilikuwa nakuja kukupa jibu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila nikija kwako ananisimamisha."

"Marehemu hashiki breki, laazizi."

Fundi alicheka peke yake. Simu ikakatika. Jioni ukaja ujumbe: Naiuza. Na mambo yetu tuyaache.

Asubuhi alimfuata dukani. Magauni yasiyo na watu yalining'inia ukutani, yakigeuka polepole ingawa feni ilikuwa imezimwa. Mwanamke hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Sikuja kubembeleza," fundi alisema. "Jaza tangi kama kawaida, unipakie. Ikizima nikakosa sababu, sitakuja tena."

"Na ukiipata?"

"Utanijibu nilichokuuliza."

Alifikiri mpaka uzi ukamwishia. Akachukua koti.

Walijaza tangi kwenye kituo alichozoea mwanamke, wakapanda. Fundi alikaa nyuma, sikio likiwa kwenye injini. Ukuta ulipoanza, mlio ukawa mwembamba. Injini ikakohoa, ikazima. Chini ya mkono wake alihisi mgongo wa mwanamke ukikaza.

"Umeona?"

"Usishuke."

Alikizungusha kifuniko cha tangi. Kabla hakijatoka, kitu kilivuta pumzi ndefu, fyuuu, karibu mno na mapaja yao. Mwanamke akamkamata mkono.

"Ndiye huyo," alinong'ona.

"Ni hewa. Piga kiki."

Ikawaka, ikanguruma vizuri. Fundi alikigeuza kifuniko kwenye mwanga. Kina tundu dogo la kupitisha hewa. Petroli ikishuka, hewa huingia nafasi yake. Hewa isipoingia, petroli hugoma kushuka, na mlimani injini hufa njaa. Tundu lilikuwa limezibwa kwa kitu cha njano. Akalikwangua kwa ukucha, akanusa.

"Nta. Nani kaiweka?"

Mwanamke alilegea. "Mimi. Ni ile ninayoipaka kwenye uzi wa vifungo. Nilikuwa nabeba magauni mbele, chini ya koti, yasilowe. Yakawa yananuka petroli ya hapo tunduni. Wateja walinisema."

"Basi umeiziba pua, ukamsingizia mumeo."

Akacheka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha kicheko kikamkatika.

"Fundi. Nta nimeiweka mvua zilipoanza."

"Ndiyo."

"Siku ya kwanza tulipokutana kulikuwa na jua kali. Tundu lilikuwa wazi. Ule uchafu uliotoa kwenye plagi ulikuwa wa nini?"

Fundi alitazama kifuniko mkononi. Angeweza kudanganya mara ya pili.

"Hapakuwa na uchafu. Nilitaka tu uone nimekufaa. Haikuwa na kosa lolote."

"Sasa nani alinisimamisha mlangoni kwako?"

Alitafuta sababu, kama alivyozoea: petroli mbaya, waya uliolegea. Zote alizikagua siku ile. Hakuna iliyokaa. Akafunga kifuniko taratibu.

Mwanamke aligeukia ukuta, akaweka mtandio sawa, akasema kwa sauti ya mke anayemjibu mumewe chumba cha pili:

"Haya, nimekusikia."

Kisha akasogea nyuma kwenye kiti.

"Jibu langu ni ndiyo. Kaa mbele, uendeshe."

Injini ilikuwa bado inanguruma. Walipoondoka, ilipanda mlima bila kukohoa.