Malkia wa Keki ya Januari

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, Muireann alisimama mbele ya kioo chumbani mwake, katika bweni la chuo mjini Cork, akazungumza Kifaransa. Alizungumza na mswaki, akazungumza na birika, na vyote viwili vilimsikiliza kwa adabu. Lakini akifika darasani alijificha nyuma ya daftari. Siku ya kwanza mwenzake Cathal aliigiza lafudhi yake ya shambani, darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo msichana huyu, aliyeongoza kila mtihani wa kuandika, akawa kama bubu.

Januari ilipofika, Madamu Vasseur, mwalimu wao kutoka Ufaransa, aliagiza keki ya wafalme, kama wafanyavyo kwao kila mwanzo wa mwaka. Ndani yake hufichwa kisanamu cha kaure, kidogo kama harage. Anayekikuta kwenye kipande chake huvikwa taji la karatasi.

"Na mfalme au malkia wetu," alisema Madamu, "atatueleza kwa Kifaransa habari za nchi aliyochagua kuisoma. Papo hapo, bila karatasi!"

Keki ililetwa na Bwana Corentin, mwokaji mzee Mfaransa mwenye duka karibu na chuo. Alibaki mlangoni, kofia mkononi, akitaka kuona nani atavikwa taji. Cathal, aliyekuwa mdogo kuliko wote, aliingia chini ya meza kama desturi inavyotaka, ili asipendelee mtu, akawa anataja kila kipande apewe nani.

"Hicho cha Muireann! Mpeni kikubwa, labda atapata sauti!"

Muireann aliuma mara moja, meno yakagonga kitu kigumu. Akajifanya anakohoa, akakitema kisanamu kiganjani na kukitia mfukoni.

Vipande vikaisha. Watu wakatazamana.

"Haya, nani amekipata?" aliuliza Madamu. Kisha akamgeukia mwokaji. "Bwana Corentin, umesahau kukitia?"

"Sijasahau, Madamu. Nilikitia kwa mkono wangu huu."

"Basi kiko wapi? Wanafunzi wameisubiri siku hii tangu mwaka jana. Mwakani itabidi nitafute mwokaji mwingine."

Mzee aliigeuzageuza kofia yake. "Labda kweli nazeeka," akasema kwa sauti ndogo, akageuka kuondoka.

Muireann aliona aibu iliyomchoma kuliko kile kicheko cha siku ya kwanza. Mtu mzima alikuwa anaanza kuitilia shaka mikono yake mwenyewe kwa sababu ya kile alichokificha yeye. Akainuka kwa nguvu hata kiti kikaanguka.

"Usiondoke, Bwana Corentin!" alisema kwa Kifaransa, kwa lafudhi ileile ya shambani. "Ninacho mimi. Nimekificha. Niliogopa kuongea."

Akakiweka mezani. Cathal akachomoza kichwa. "Lo! Kumbe bubu ana maneno!"

"Kaa utulie, Cathal. Sijamaliza."

Na kweli hakuwa amemaliza. Alieleza habari za Senegali, nchi aliyoichagua: jinsi familia inavyozunguka sinia moja la wali na samaki, na jinsi chai inavyochemshwa mara tatu huku watu wakipiga soga. Alikwama, akatafuta neno, akalipata, akaendelea. Alikosea mara nyingi. Hakukaa chini mpaka alipofika mwisho, na Cathal ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Madamu Vasseur alimgeukia mwokaji kwanza. "Nisamehe, Bwana Corentin. Nimekulaumu bila kuhakikisha." Kisha akamvika Muireann taji. "Sikiliza, mwanangu. Kukosea mbele ya watu si aibu; ndivyo mtu anavyojifunza lugha. Aibu ni kumwacha mwingine abebe kosa lako. Umekiri mwenyewe, na kwa hilo nakuheshimu."

"Ila desturi ni desturi," alisema Bwana Corentin, sasa akitabasamu. "Aliyevaa taji ndiye anayeleta keki inayofuata."

Asubuhi iliyofuata birika halikuwa na wa kuzungumza nalo. Muireann alikuwa dukani kwa Bwana Corentin, katikati ya foleni ndefu, akiagiza keki kwa Kifaransa, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.