Damu ya Kukimbilia

Kila alfajiri Paskalina alikimbia kutoka Kalenga hadi karibu na Iringa mjini. Akirudi, alichota maji, akapika, akamtengea baba yake. Yeye alikula mwisho.

"Kamwene, baba," alimwamkia kwa Kihehe.

"Kamwene, swala wangu! Mbeya wataona visigino vyako tu."

Kalinga, baba yake, alikuwa mgane. Tekla, mkewe, alifariki akijifungua. Tangu hapo hakuwa na neno jema kwa wakubwa wa serikali.

Mbio ndefu za Mbeya zilipokaribia, Paskalina alianza kuchoka. Siku moja alianguka njiani. Wakubwa wa michezo walisema akianguka tena, hatakwenda. Kalinga alimbeba mgongoni hadi zahanati.

"Wamempa fulana," alifoka. "Chakula je? Wao wanakula nyama, mtoto anakimbia na upepo tumboni!"

Nesi Damari alivuta chini kope ya binti. Ndani palikuwa peupe. Akampima damu.

"Damu imepungua. Mzee, kwenu ini hula nani?"

"Mimi. Ini ni la mwenye nyumba."

"Na mayai?"

"Mayai! Msichana akila mayai si atazaa watoto wenye vipara?"

Damari akacheka. "Mimi nayala tangu usichana. Njoo uwaone wanangu, nywele zao zinavunja vitana!"

Hata Paskalina alicheka.

"Usione haya, mzee," Damari aliendelea. "Msichana hupoteza damu kila mwezi. Na huyu anakimbia, kwa hiyo anahitaji zaidi. Nani ampe, kama si wewe? Ini, maharage, mboga za majani, na mayai pia. Chai asinywe pamoja na chakula. Nitampa vidonge vya damu. Apumzike mpaka nimpime tena."

Kalinga alimtazama binti yake. Kisha akasema, "Mama yake naye alikuwa mweupe hivi machoni. Gari la wagonjwa halikuja. Nikasema wakubwa wameniulia mke."

"Gari lilitakiwa lije," Damari alisema taratibu. "Na damu ilitakiwa iwe ya kutosha mwilini mwake. Yote mawili, mzee."

Jumapili walipata nyama. Kalinga alichukua ini, akaliweka kwenye sahani ya binti yake.

"Baba, watu watasema."

"Watu tumewasikiliza mpaka tukazika. Kula, mwanangu."

Wiki kadhaa baadaye, ndani ya kope za Paskalina palikuwa pekundu tena. Damari alimpima tena, akamruhusu. Akaanza kukimbia polepole, kisha akaongeza.

Huko Mbeya, wasichana walipanda mlima pamoja. Mmoja mmoja walibaki nyuma. Paskalina alifika mbele yao wote, miguu ikiwa bado na nguvu. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza kati ya mwingi.

Mkubwa mmoja mwenye suti alimjia Kalinga mbio. "Hongera, mzee! Tumemlea vizuri, eh? Lete mkono, tupigwe picha."

"Mkono wangu una kazi," Kalinga alijibu.

Alikuwa akimfuta binti yake jasho.